Mwaka Tulipohamisha Kompyuta za Mama Gaudensia

Mwezi uliopita Shomari alipita Songea akitokea Tunduru, akaingia ofisini kwangu bila hodi, akavuta kiti na kukaa kana kwamba tuliachana jana. Ilikuwa miaka kumi na kitu hatujaonana. Ana mvi kwenye ndevu na tumbo limeanza kumtangulia, lakini mikono ni ileile: vidole virefu, vyepesi, ambavyo zamani vilichapa barua nzima huku mwenyewe akimtazama mteja usoni na kumuuliza habari za shamba. Hakuniuliza habari za nyumbani wala za afya. Aliinamia skrini ya kompyuta yangu, akasema, "Tekla, bado uko na mfumo wako uleule?" Nikamwambia bado. "Na kivinjari kilekile?" Kilekile. "Wewe ukiolewa umeolewa," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Tulikunywa chai, tukala mihogo ya kukaanga, tukaongea mpaka basi lake lilipokaribia kuondoka. Alipokwenda zake sikuweza kurudi kwenye kazi. Nilikuwa na furaha ya ajabu, ile ya mtu aliyekumbushwa kwamba kuna mwaka mmoja ambao aliwahi kuwa hodari kuliko alivyodhani, na mjinga kuliko alivyodhani, yote kwa pamoja.

Nilikozaliwa na shule niliyoishia sitaviandika hapa. Inatosha kusema nilikuwa na miaka thelathini na miwili, cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo sikupenda mtu azione, na kazi ya kutoa fotokopi katika steshenari ya Mama Gaudensia, mtaa wa Majengo, hapa Songea. Steshenari ile ilikuwa chumba kimoja, hatua nane kwa tano. Nilizipima mwenyewe siku tulipotafuta mahali pa kuweka meza ya tatu. Kushoto ilikuwa mashine ya fotokopi, iliyotoa joto na harufu ya wino uliokaangwa, na mwezi wa saba baridi ilipokaza watu walijifanya wana karatasi za kutoa nakala ili tu wasimame karibu nayo. Kulia zilikuwa kompyuta tatu tulizoziita kwa namba. Namba moja ilikuwa ya Mama, namba mbili ya yeyote, na namba tatu ilikuwa ya Shomari, mchapaji wetu, na hakuna aliyethubutu kuikalia. Nyuma lilining'inia pazia la kitenge, na nyuma ya pazia jiko la mkaa. Mchana Mama Gaudensia alisonga ugali, tukala kwa zamu, na dagaa wa Nyasa au maharage, mmoja akibaki mbele. Pazia halizuii sauti. Nikiwa na tonge mkononi nilijua nani anauza kiwanja, nani anaomba uhamisho, na nani anamwandikia mkwewe barua ya kuomba radhi na kwa kosa gani.

Mateso yetu mwaka ule yalikuwa flashi. Mteja alileta kazi yake kwenye flashi, tukaichomeka, na faili zote zikageuka vijialama vya njia ya mkato visivyofungua kitu. Virusi vilitoka kwenye flashi vikaingia kwenye kompyuta, vikatoka kwenye kompyuta vikaingia kwenye flashi nyingine, na jioni mteja akavipeleka ofisini kwake. Kila mwezi Shomari alifuta Windows na kuiweka upya, na baada ya siku nne tulikuwa palepale. Kilichomuumiza Mama Gaudensia ni maneno aliyoyasikia sokoni akichagua nyanya, mwanamke mmoja akimwambia mwenzake: "Kwa Gaudensia peleka karatasi, usipeleke flashi. Itarudi na ugonjwa." Alirudi dukani bila nyanya.

Dawa niliipata kwenye kaunta. Mtu mmoja aliyekuja kutoa nakala za vyeti aliacha gazeti la kompyuta la Kiingereza lenye sahani ya CD ndani ya bahasha ya plastiki. Nililiweka rafuni wiki mbili, hakurudi. Ndipo nikaanza kulisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kila mapumziko ya mchana, nikiandika tafsiri kwenye daftari. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba ndani ya sahani ile mlikuwa na mfumo mwingine kabisa wa kuendeshea kompyuta, uitwao Linux, na kwamba mtu angeweza kuujaribu bila kufuta chochote. Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma mara nne. Siku moja Shomari akiwa nje anaongea na simu, nikaitumbukiza sahani kwenye namba mbili, nikawasha. Ilichukua dakika tisa. Nikachomeka flashi ya mwalimu mmoja, ambayo tulikuwa tumemwambia imekufa. Faili zake zilikuwepo, zote! Virusi vilikuwa vimezificha tu, na mfumo huu ulizionyesha kama kawaida, na virusi vyenyewe vilikuwa vimekaa pembeni, faili moja dogo lisiloweza kufanya lolote, kama mende aliyepinduliwa chali.

"Mama, njoo uone!" nikapiga kelele.

"Ugali utaungua."

"Uache uungue!"

Hakuna aliyewahi kumwambia Mama Gaudensia maneno hayo. Alitokea na mwiko mkononi, amekunja uso, akasimama nyuma yangu. Nikamfungulia faili la kwanza, la pili, la tatu. Nikavifuta virusi mbele ya macho yake kwa kubonyeza kitufe kimoja. Aliomba nivirudishe nivifute tena. Shomari alipoingia alimkuta bosi wake ameinama kwenye skrini, ugali kwenye mwiko umeshakauka, anasema, "Ee Yesu na Maria, kumbe ni kadudu kenyewe haka."

Masharti aliyatoa tukila ule ugali ulioungua. Nijaribu mpaka mwisho wa mwezi wa tisa. Nikifaulu, namba mbili itakuwa yangu na nitaacha fotokopi. "Lakini kazi ya mteja hata mmoja ikipotea kwa ajili ya hiyo sahani yako," alisema akinielekezea kidole chenye mchuzi, "Shomari anarudisha kila kitu kilivyokuwa, na wewe unarudi kwenye mashine yako, na sitaki kusikia tena neno Linux chini ya bati hili." Shomari alikuwa anatabasamu. "Mimi nipo tayari, Mama," akasema.

Leo watu wakiniuliza namna ya kuchagua programu huwaambia wasianze na programu, waanze na kazi wanazozifanya. Sikufundishwa na mtu. Niliogopa tu kukosea, na mtu anayeogopa hupima. Nilichagua kazi tano zilizoingia dukani kila wiki: barua ya kuomba kazi, muhtasari wa kikao cha kamati ya harusi, hati ya mauziano ya shamba, mtihani wa hesabu wenye majedwali, na kadi ya mchango. Nikatafuta programu tatu za ofisi, nikazifungulia kazi zilezile tano, na kwenye daftari nikachora mistari: nini kimekaa, nini kimehama, nini kimepotea. AbiWord ilifunguka haraka kama taa lakini majedwali ya mtihani iliyavuruga. Ya pili, ambayo jina lake nimelisahau, iliilemea kompyuta yetu, ukibonyeza herufi unaisubiri. Ya tatu ilikuwa LibreOffice. Mtihani ulikaa, muhtasari ulikaa, barua ilikaa, kadi ilikaa. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliimba, na mimi siimbi. Kisha nikafungua hati ya mauziano ya shamba, na majina ya mashahidi yalikuwa yametawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe.

Nilikagua mchana mzima nikidhani kosa ni la programu. Halikuwa la programu. Shomari alikuwa mchapaji mwenye kasi kuliko wote Majengo, na kila kitu alichokipanga alikipanga kwa kubonyeza kitufe cha nafasi. Safu ya mashahidi wa muuzaji, nafasi, nafasi, nafasi, safu ya mashahidi wa mnunuzi. Mwandiko ukibadilika unene kidogo tu, kila mstari unakwenda njia yake.

"Shomari, hapa umesukuma kwa nafasi."

"Ndiyo. Thelathini na saba."

"Umezihesabu?"

"Kidole gumba kinazihesabu, mimi sina habari."

"Kuna kitufe cha tabo. Na kuna jedwali lisilo na mistari, unaweka huyu huku, huyu huku."

"Tekla," alisema kwa upole wa mtu anayemwonea huruma mgonjwa, "mimi nimechapa hati za nusu ya mashamba ya wilaya hii. Hakuna shamba lililowahi kuhama."

Wateja waliokuwa kwenye benchi walicheka, nami nikacheka, kwa sababu ilichekesha. Lakini nilizichapa upya hati zake zote, moja baada ya nyingine, kwa majedwali, na baada ya wiki mbili nikamkuta anazitumia bila kusema kitu.

Kwa kivinjari sikuteseka. Firefox ilikuwa tayari kwenye kompyuta za zamani na Shomari aliizoea, na kati ya nilivyovijaribu ndicho kilichofungua fomu za maombi ya kazi bila kuzikata pembeni. Kwa barua pepe ya duka nilichagua Thunderbird, na hapo ndipo Mama mwenyewe aliposisimka. Umeme ulikuwa wa mgawo na kifurushi cha modemu kiliisha wakati wowote. Thunderbird ilizishusha barua zote zikakaa ndani ya kompyuta; Mama alizisoma mtandao ukiwa umekatika, akajibu kwa kituo, na modemu ikirudi zikaondoka zote kwa mkupuo. "Kama basi la asubuhi," alisema. Aliwaonyesha wateja. Alimwonyesha na padre aliyekuja kutoa nakala moja ya kitambulisho.

Namba mbili ilihamia mwezi wa saba, namba moja mwezi wa nane. Namba tatu niliiacha mwisho. Nilimwomba Shomari ruhusa, naye akakubali haraka kuliko nilivyotegemea. Ijumaa alichelewa kutoka, akasema ana mambo ya kumalizia. Jumamosi nikanakili folda ya nyaraka zake, nikanakili kila kilichokuwa kwenye skrini ya mbele, nikaweka alama ya vema kwenye daftari, nikafuta diski yote.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, kwa sababu kosa langu lilizaliwa humo. Wateja wetu wengi hawakuwa na simu za kufungulia barua pepe. Mtu alipohitaji anwani kwa ajili ya kuomba kazi, Shomari alimfungulia. Alibuni jina, akabuni neno la siri, akaweka namba yake mwenyewe ya simu mahali pa kurejeshea, kivinjari kikauliza kama kikumbuke, akabonyeza ndiyo. Mteja aliondoka na anwani tu. Akitaka kusoma alikuja, akakaa pembeni ya Shomari, akasema, "Nifungulie." Hakuna aliyeona ubaya. Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka pale, miaka miwili, nalisikia neno hilo kila siku, na sikuwahi kujiuliza funguo zinakaa wapi.

Jumatatu akaja Editha. Alikuwa muuguzi ambaye mkataba wake ulikuwa umeisha, mama wa watoto wawili, mpole, aliyekuja dukani kila baada ya siku chache kuuliza kama ameitwa kwenye usaili. Mara ya mwisho tulikuwa hatuna mtandao, akarudi bure. Siku hiyo hakuwa mpole. "Wenzangu niliosoma nao wameshapata barua," alisema kabla ya kukaa. "Usaili ni Ijumaa, Dodoma. Barua ina namba, bila namba huingii. Kaka Shomari, nifungulie nione kama nimo."

Shomari alifungua Firefox. Ilikuwa safi, tupu, kama nyumba mpya. Akaandika anwani ya Editha, akangoja neno la siri lijijaze. Halikujijaza.

"Paswedi yake ni ipi?" nikamuuliza.

"Iko kwenye kompyuta."

"Kompyuta ipi?"

"Ile uliyoifuta."

"Hukuandika mahali?"

"Niandike ya nini, na kompyuta inakumbuka?"

Tukajaribu njia ya simu. Namba iliyotokea ilikuwa ya laini ya Shomari iliyofungwa mwaka uliotangulia. Akabahatisha maneno matatu, manne, mpaka tovuti ikatukataza kujaribu tena. Editha alikuwa anatutazama kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, kama anayewatazama madaktari wawili wanaonong'onezana. "Niambieni tu," alisema. "Nimo au simo?" Nikamwambia hatujui, na kwamba kosa ni langu. Kisha nikaenda nyuma ya pazia. Mama Gaudensia alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilimweleza kwa utaratibu, bila kupunguza.

"Nilisema nini?" aliuliza bila kuinua macho.

"Kazi ya mteja hata mmoja, Mama."

"Basi unajua."

Nilijua. Nilirudi mbele kusimama kwenye mashine yangu, na nakumbuka joto lake mapajani. Sikuwa nafikiria namba mbili. Nilikuwa nafikiria Ijumaa, na mwanamke yule akikaa nyumbani siku hiyo kwa sababu mimi niliweka alama ya vema. Shomari alikuwa ameinama, anakuna shingo. Ghafla alitoka nje, akaenda kwenye pikipiki yake, akarudi na soksi. Ndani ya soksi mlikuwa na eksteno yake, ile diski ya nje aliyohifadhia nyimbo na sinema za kuwauzia wenye simu.

"Wallahi msinitukane," alisema. "Ijumaa niliinakili namba tatu yote. Yote, mpaka takataka. Nilijua Tekla ataanguka, nikataka siku akianguka niirudishe Windows mchana huohuo, Mama aone." Akaiweka diski mezani. "Nimefuta sinema arobaini kupata nafasi."

Nilitaka kumkasirikia. Nilimkumbatia, mbele ya benchi zima la wateja, na yeye akaruka kama aliyeguswa na umeme. Ndipo kazi ikaanza, na sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama ile, hofu ikiwa ndani yake. Nilikuwa nimesoma kwamba Firefox huweka kumbukumbu zake zote kwenye folda moja, na kwamba folda ile hueleweka kwenye mfumo wowote. Nilikuwa nimeisoma, sikuwa nimewahi kuifanya. Umeme ulitakiwa kukatwa saa kumi na saa ilikuwa nane na nusu. Shomari alinielekeza njia ndani ya diski yake, folda ndani ya folda, nyingine zimefichwa, mpaka tukafika kwenye moja yenye jina la herufi na tarakimu zisizo na maana. "Hiyo," nikasema. "Una hakika?" "Sina." Tukainakili. Nikafunga kivinjari, nikakielekeza kwenye folda ile, nikakifungua. Anwani ya Editha ikatokea, na kando yake nukta nyeusi, nane, tisa, kumi, zikajijaza zenyewe.

"Imo!" Shomari alipiga meza. Mama alitoka nyuma na ungo wake.

Barua ilikuwa na siku nane. Editha aliisoma akifuata kila mstari kwa kidole juu ya kioo, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Alikuwemo. Ijumaa, saa mbili asubuhi, na namba yake ilikuwepo. Hakupiga kelele. Aliniomba nimchapie nakala mbili, kisha akauliza neno lake la siri ni lipi, maana hajawahi kulijua. Nikafungua orodha. Hapo ndipo sote tulipoliona. Halikuwa lake peke yake. Orodha ilijaza skrini, nikashusha, ikajaza tena: mwalimu, katekista, mwenye duka la mbolea, wasichana wa chuo, kila mmoja na neno lake limekaa wazi kando ya jina.

"Hizi zote ni za watu?" Mama aliuliza.

"Za wateja, Mama."

"Na yeyote anayekaa kwenye kiti hiki anazisoma?"

"Yeyote."

Shomari alikuwa anaitazama mikono yake. Mimi nilifunga ile orodha, na naweza kusema kwamba kazi ninayoifanya leo, ya kuzihudumia kompyuta za shule na ofisi za mji huu, ilianza katika dakika ile niliyoifunga, wala haikuanza siku ya mende chali. Mpaka leo mtu akikaa kwenye kompyuta yangu kuandika neno lake, mimi nageuza kiti nikatazama ukuta. Vijana wananicheka. Sijali.

Editha aliweka nakala zake kwenye mkoba. "Nataka kuweka langu," alisema. Nikamwonyesha mahali pa kubadilisha, nikasimama kando kumsaidia. Alinitazama. Akamtazama Shomari, na mwisho Mama Gaudensia, ambaye alikuwa ameegemea meza ya duka lake mwenyewe. "Shikamoo, Mama," alisema, japokuwa walikwisha kusalimiana. "Naomba mtoke kwanza. Wote."

Tukatoka. Wateja wa kwenye benchi nao wakasimama, wakatoka, na mtu wa mwisho akarudisha mlango. Tulisimama barazani, jua la mchana likituchoma usoni, Mama na ungo wa maharage mkononi. Wapita njia walidhani kuna msiba.

"Haikupotea, Mama," Shomari alisema taratibu. "Ilichelewa tu."

"Nyamaza," Mama alisema. Akachagua jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Wiki hii mtawaita wale wote. Mmoja mmoja. Kila mtu atakaa pale aweke la kwake, na nyinyi mtakuwa hapa nje, hata mvua inyeshe."

"Na mfumo?" nikauliza.

"Mfumo ubaki. Sahani haina kosa. Wenye kosa ni nyinyi wawili, nanyi mtabaki pia."

Ndani kulisikika kitufe kimoja. Kimya kirefu. Kitufe kingine. Editha alikuwa anatafuta kila herufi kwa kidole kimoja, naye hakuwa na haraka na mtu. Shomari, ambaye masikio yake yalijua kibodi kuliko sisi sote, alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea mlangoni, midomo ikicheza.

"Sita," alinong'ona. "Saba. Nane..."

"Shomari!" Mama Gaudensia alisema. "Acha kuhesabu. Na hesabu hiyo ni ya kwake."